Mtoto Wako Kaingia Bendi ya Shule: Kazi za Mzazi, Hatua kwa Hatua

Siku mwanangu alipoleta tarumbeta nyumbani kwa mara ya kwanza, nilifanya makosa mawili kabla hatujalala. Kwanza nilimwambia apunguze sauti, jambo ambalo mwanafunzi wa wiki moja haliwezi hata akitaka. Pili, niliona chombo chenyewe kimefubaa, nikakijaza maji ya moto na sabuni. Asubuhi ile vanishi inayokipa mng'ao ilikuwa imebambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

Tangu hapo nimekaa na wazazi wa bendi miaka kadhaa, na hadi leo sijui kusoma nota hata moja. Sijawahi kuhitaji. Bendi ya gwaride imejaa kazi zisizo za muziki: kubeba, kushona, kuhesabu vichwa, kujaza maji, kusubiri getini mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe. Kazi ya namna hiyo isipopata mzazi humwangukia mwalimu, na mwalimu anapokuwa anatafuta kofia iliyopotea hakuna anayefundisha. Nimezipanga hapa takriban kama zinavyomfikia mzazi mgeni.

1. Onana na mwalimu kabla hujaahidi

Omba dakika kumi, kwa kupatana siku na saa. Usimvizie mlangoni akiwa anafunga stoo. Uliza mambo matatu: ratiba ya mwaka mzima ikoje, nani hutengeneza vyombo vikiharibika, na kazi gani nje ya kufundisha inamchosha zaidi.

Swali la tatu ndilo lenye faida. Wazazi hufika na mawazo makubwa makubwa, mara tununue ngoma mpya, mara tubadilishe rangi ya sare, kumbe mwalimu anachokosa ni mtu wa kukaa na daftari aandike nani ana chombo gani. Kazi hiyo haina sifa, lakini ikifanywa vizuri mwezi mmoja tu, vyombo vinaacha kupotea.

Kisha ahidi kazi moja unayoiweza, yenye mwanzo na mwisho. "Nitasimamia sare za mstari wa ngoma mpaka likizo" ni ahadi. Yule anayesema "mimi nipo kwa lolote, mwalimu" ndiye asiyeonekana gari la kubeba vyombo likifika.

Na mipaka uijue mapema. Nani anapiga sehemu ya kwanza, nani anaongoza gwaride, wimbo gani umechaguliwa, hayo ni ya mwalimu. Ukiwa na neno kuhusu mtoto wako, acha usiku mmoja upite, halafu ulipeleke faragha. Maneno yanayorushwa kwenye kundi la simu la wazazi saa nne za usiku huwa hayarudishiki.

2. Mazoezi ya nyumbani: saa, mahali na ukimya wako

Kwa anayeanza, dakika 20 kila siku zina faida kuliko saa mbili za Jumamosi. Sababu iko mdomoni. Anayepuliza tarumbeta, tromboni au tuba hutoa sauti kwa kutetemesha midomo yake mwenyewe, na misuli inayoizunguka huchoka upesi kama mkono usiozoea kubeba ndoo. Ikichoka, mtoto huanza kukandamiza chombo usoni ili noti za juu zitoke. Ukimwona na alama nyekundu ya duara iliyozama midomoni na bado anang'ang'ana, mwambie aweke chini, amemaliza kwa leo.

Mpatie mahali pamoja na saa moja isiyobadilika, na majirani waambiwe mapema. Mpiga ngoma hana haja ya ngoma nyumbani: pedi ya mpira juu ya meza na vijiti viwili vinatosha, na nyumba inabaki na amani yake.

Baada ya mdomo kuna miguu, na hapa ndipo wazazi wengi hawajui kwamba wanaweza kusaidia. Marchi nyingi, yaani nyimbo za gwaride, huenda kwa mapigo 120 hivi kwa dakika, yaani hatua mbili kila sekunde. Weka kwenye simu programu ya metronomu, ile inayogonga mapigo sawasawa, iwe 120. Mtoto apige kwata papo hapo bila kusogea, aanze na mguu wa kushoto, huku akiimba sehemu yake kwa mdomo mtupu. Akivuka wimbo mzima bila mguu kupotea, ndipo aongeze vidole, avichezeshe hewani kana kwamba ameshika chombo. Akiweza vidole, ndipo achukue chombo. Kuruka hatua hizi ndiko kunakozaa yule mpulizaji anayepiga vizuri akiwa kitini na kusambaratika akianza kutembea.

Bendi zinazochora maumbo uwanjani kwa mtindo wa Marekani zina kipimo chao: hatua 8 kwa kila yadi 5, sawa na sentimita 57 hivi kwa hatua moja. Chukua utepe wa kupimia na chaki, chora mistari tisa uani kwa umbali huo, utembee naye kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Nilijaribu nikidhani ni mchezo, mpaka mwanangu aliponiambia, "Baba, usiangalie chini." Hatua ya nne nilikuwa nimeshapotea. Tangu siku ile siwacheki watoto wanaopinda mstari.

Zaidi ya hapo, kazi yako ni kukaa kimya. Usisahihishe. Uliza tu, "Kipande gani kinakusumbua?" kisha mwombe akipige polepole zaidi, mara tatu. Mtoto anayejua kwamba kila noti mbaya itasemwa ataanza kupiga nyimbo anazoziweza tu.

Kama atawekewa waya wa kunyoosha meno, mjulishe mwalimu, na daktari wa meno naye ajue kwamba mtoto anapuliza. Wiki za kwanza sauti itaharibika na midomo itauma. Nta ya kufunika waya husaidia, na uvumilivu wa mwalimu husaidia zaidi.

3. Kukitunza chombo

Siku chombo kinapoingia nyumbani kipige picha: kasha, mabonde na mikwaruzo yote, na namba ya mtengenezaji iliyochongwa juu yake. Kwenye tarumbeta namba hiyo aghalabu iko kwenye silinda ya kibonyezo cha katikati. Picha hizo zitamaliza ubishi mwingi siku ya kurudisha.

Tuanze na tarumbeta na jamaa zake. Chini ya kila kibonyezo kuna pistoni inayopanda na kushuka, na inataka mafuta yake maalumu, mepesi karibu kama maji. Mafuta ya kupikia hayafai, yatanata. Fungua kifuniko cha juu, vuta pistoni nje polepole, ipanguse kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, tia matone matatu manne, irudishe. Izungushe taratibu hadi uisikie ikikaa kwa mlio mdogo, *tk*. Fanya moja moja. Pistoni zimeandikwa 1, 2 na 3 na hazibadilishani nafasi. Ukiweka ya kwanza kwenye tundu la tatu hewa haipiti, na mtoto atapuliza mpaka mashavu yaume akidhani kosa ni lake. Ile mirija inayovutwa ili kurekebisha sauti hupakwa grisi, ambayo ni nzito, ili isiteleze yenyewe.

Kila mwezi au miwili kiogeshwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, na brashi ndefu inayopinda. Pistoni zitolewe kwanza, na vile vitambaa vya felti vilivyo juu yake visilowe. Maji ya moto, nimeshasimulia yaliyonipata.

Kile kipande cha mdomoni kinastahili onyo la peke yake. Kioshwe kila wiki, na kisiazimwe, maana kinapitisha vidonda vya midomo na mafua kutoka kwa mtoto hadi mtoto. Pia kitakwama. Kitaanguka, au mtoto atakigonga kwa kiganja ili asikie ule mlio wa kuchekesha, nacho kitajikaza kisitoke. Hapo kila baba hukumbuka koleo lake. Liache lilipo. Koleo hupinda mrija mwembamba unaokipokea, na tatizo la dakika moja linakuwa la fundi. Kuna kifaa maalumu cha kukivutia, na kwa kawaida mwalimu au fundi anacho.

Klarineti na saksafoni zina tabia nyingine kabisa. Sauti yake inatoka kwenye ridi, kipande chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye kipande cha mdomoni. Ncha yake hupasuka kwa kugusa jino au ukosi wa shati tu, kwa hiyo kashani ziwemo tatu au nne nzima wakati wote, na mtoto azitumie kwa zamu. (Saksafoni ni ya shaba lakini huhesabiwa pamoja na ala za mbao, kwa sababu ya hiyo ridi. Ukiipeleka kutengenezwa, uliza kwanza kama fundi anajua kubadilisha pedi.) Pedi ni vile vifuniko laini vinavyoziba matundu, na adui zao ni wawili: unyevu na sukari. Mtoto akinywa kinywaji kitamu kisha akapuliza, sukari inateremka na mate, pedi zinanata, noti moja inagoma katikati ya wimbo. Kabla ya kupiga anywe maji tu. Baada ya kupiga, apitishe kitambaa ndani ya mrija kabla ya kufunga kasha.

Klarineti ya mbao isiende juani wala mvuani. Joto na unyevu vikibadilika ghafla, mbao hupasuka. Ya plastiki ndiyo ya gwaride, na hakuna aliyeko kando ya barabara atakayeisikia tofauti.

Ngoma hazisumbui sana. Hakikisha mtoto ana jozi mbili za vijiti, na kamba au fremu ya kubebea imerekebishwa ilingane na kimo chake. Ngoma inayogonga mapaja kila hatua ni ishara kwamba fremu imeshuka mno. Kukaza ngozi waachie wanaojua.

Neno kuhusu kununua. Utaona mtandaoni tarumbeta mpya inayong'aa kwa bei ya kutupa. Muulize mwalimu kabla hujalipa. Nyingi ya hizo zina chuma laini na pistoni zisizo na vipuri, na mafundi huzikataa. Kama uwezo ni mdogo, mimi ningechagua chombo cha zamani cha mtengenezaji anayejulikana, kilichopita mkononi mwa fundi, hata kama kina mabonde. Bonde dogo kwenye kengele, ule mdomo mpana wa mbele, halibadilishi sauti. Pistoni mbovu hubadilisha kila kitu.

4. Masikio, ambayo hakuna anayeyakumbuka

Simama hatua tatu nyuma ya mstari wa ngoma wakati wa mazoezi, kisha jaribu kuongea na mtu wa pembeni yako. Ikibidi kupaza sauti ili akusikie, watoto walio katikati ya kelele ile wanahitaji kinga. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, hutumia kipimo cha desibeli 85 (desibeli hupima ukubwa wa sauti) kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama unakatika nusu: kwenye 88 ni saa 4, kwenye 100 zimebaki dakika 15 tu. Ngoma za gwaride hupita 100 bila shida, na mazoezi hayaishi kwa dakika 15.

Vizibo vya sponji vya kawaida vinakinga lakini hufanya muziki usikike kama umefunikwa na godoro, ndiyo maana watoto huvitoa. Kuna vizibo vya wanamuziki vinavyopunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana, mtoto akaendelea kumsikia jirani yake. Kama kamati ya wazazi ina uwezo wa kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya afya mwaka huu, ningesema kiwe hicho, waanze na wapiga ngoma, wapiga matoazi na wale wanaosimama mbele ya matarumbeta. Mtoto akirudi nyumbani akasema masikio yanalia *ngiii*, mazoezi yalimzidi. Usisubiri ajizoeze, masikio hayajizoezi.

5. Siku za kwata: jua, maji, viatu

Wiki mbili za kwanza za mazoezi ya nje ndizo za hatari, kwa sababu mwili huchukua kati ya wiki moja na mbili kuzoea joto. Kama mwalimu anakubali, siku za mwanzo ziwe fupi, asubuhi au jioni, na mtoto asivae sare nzito mpaka mwili umezoea.

Maji yapangwe, yasiachwe kwa kiu. Kwenye joto, kikombe kimoja cha mililita 200 hivi kila dakika 15 hadi 20 ni bora kuliko chupa nzima wakati wa mapumziko. Mzazi mmoja awe mtu wa maji na hana kazi nyingine: anashika saa, anamwonyesha mwalimu ishara waliyokubaliana, watoto wanakunywa, wanarudi mstarini. Kila chupa iwe na jina.

Wanaoanguka kwenye gwaride mara nyingi huanguka wakiwa wamesimama, na si lazima iwe njaa. Mtoto akisimama wima muda mrefu huku amekaza magoti, damu hutuama miguuni na kichwa kinakosa yake ya kutosha. Wafundishwe kulegeza magoti kidogo, kuchezesha vidole vya miguu ndani ya viatu. Aliyezimia alazwe, miguu iinuliwe, apewe nafasi.

Hali tofauti, na ya hatari, ni mtoto aliyekuwa akifanya kazi juani akaanza kuchanganyikiwa, kusema ovyo, kuyumba, ngozi ikiwa ya moto sana. Hapo mwili umeshindwa kujipoza, na joto lake linaweza kuwa limefika nyuzi 40 au zaidi. Mmoja apige simu ya dharura. Wengine wamhamishie kivulini, wamvue koti, wammwagie maji baridi mwili mzima na kumpepea bila kukoma, papo hapo, wasingoje gari. Asipojitambua vizuri asinyweshwe kitu. Mzazi wa maji lazima ajue tofauti hii kwa moyo.

Viatu vya mazoezi viwe vimefungwa mbele na nyuma, soli ngumu kiasi. Viatu vya onyesho vivaliwe nyumbani siku kadhaa kabla. Na anayebeba suzafoni, ile tuba inayozunguka mwili iliyopewa jina la John Philip Sousa, mtunzi wa marchi wa Marekani, apewe kipande cha sponji begani: chombo cha shaba cha aina hiyo kinaweza kupita kilo 10, na uzito wote unakaa upande mmoja.

6. Sare

Hapa panataka wazazi wawili watatu wenye sindano na subira.

Koti na suruali vipewe namba moja, iandikwe ndani kwa wino usiofutika, na daftari liseme namba 14 anayo nani. Pima kifua, kiuno, urefu wa ndani wa mguu na mzingo wa kichwa, mtoto akiwa amevaa viatu vya gwaride. Bila viatu suruali zote zitatoka na urefu usio wake. Pindo la suruali lisikatwe kamwe. Lipindwe ndani, lishonwe kwa mkono, mishono mirefu, ili mwakani mtoto akirefuka lifunguliwe, na akiondoka suruali imfae mwingine. Nimeona suruali ishirini zilizokatwa na mtu mwenye nia njema sana. Hazikumfaa mtu tena.

Baada ya onyesho sare hutundikwa wazi mpaka jasho likauke, ndipo iingie kwenye mfuko. Ikifungwa mbichi inapata ukungu, na harufu hiyo haiondoki. Hanga liwe pana, mabega yasipoteze umbo. Lebo ya ndani ndiyo itakayosema kama inafuliwa au inapelekwa kwa dobi. Glavu nyeupe zifuliwe nyumbani kila mara. Za wapiga klarineti na fluti hukatwa ncha za vidole ili vidole viguse matundu na vibonyezo.

Siku ya onyesho langu la kwanza kama mzazi, mshono wa nyuma wa suruali ya mpiga matoazi ulifunguka kutoka juu hadi chini, zikiwa zimebaki dakika tano. Mtoto alisimama ameegemea ukuta, machozi yanamlenga, hataki kugeuka. Mama mmoja, ambaye hata hakuwa mama yake, alimfunika kwa koti lake, akapiga magoti nyuma yake na uzi mweusi uliokuwa tayari umetungwa kwenye sindano. "Simama vizuri mwanangu, usicheke, nitakuchoma," akamwambia, na mtoto akacheka. Uzi ulikatwa kwa meno. Nilichojifunza ni ile sindano iliyokwisha kutungwa: tunga tatu kabla ya kuondoka nyumbani, nyeusi, nyeupe na ya rangi ya koti.

7. Kamati na fedha

Kamati ya watu watano inatosha. Mwenye kushika fedha asiwe mwenye kuidhinisha matumizi, akaunti iwe na sahihi mbili, kila kitu kiwe na risiti, na hesabu isomwe mbele ya wazazi wote kila mwezi hata kama hakuna kilichobadilika. Hata fedha zikiwa kidogo. Hasa zikiwa kidogo, maana ndizo watu hugombania.

Mpangilio wangu wa matumizi ni huu: matengenezo ya vyombo vilivyopo, kisha vitu vinavyoisha (mafuta, ridi, vijiti), kisha maji na huduma ya kwanza, kisha usafiri, na sare mpya mwisho kabisa. Wengi watakupinga kwenye hilo la mwisho, kwa sababu sare inaonekana kwenye picha. Lakini fungua stoo uhesabu vyombo vilivyolala kwa kukosa pedi moja au skrubu moja. Kuvifufua vitano mara nyingi ni nafuu kuliko kununua kimoja, na watoto watano wanapata cha kupiga.

Michango iombwe mara moja kwa mwaka na bajeti mkononi, badala ya kuombwa kidogo kidogo kila wiki. Mzazi asiyeweza kutoa fedha apewe nafasi ya kutoa kazi, na jina lake lisisomwe popote. Mtoto asizuiwe kupiga kwa deni la mzazi wake. Kamati ilimalize hilo kimya kimya.

8. Akisema anataka kuacha

Mara nyingi husema mwezi wa pili au wa tatu, ugeni ukiisha na ustadi ukiwa haujafika. Muulize kilichotokea wiki hiyo. Pengine ridi ni mbovu, pengine kuna mkubwa anayemcheka mstarini, pengine chombo ni kizito kwake na angefaa kingine. Mengi ya haya yana dawa. Patana naye avuke onyesho moja kwanza, kisha mzungumze upya. Baada ya hapo akishikilia kuacha, mwache arudishe chombo mwenyewe kwa mkono wake, kikiwa safi, amshukuru mwalimu.

9. Siku ya onyesho

Kabla ya kutoka: apewe mlo mwepesi mapema, asipige tumbo likiwa limejaa wala tupu. Soksi za rangi iliyoagizwa, mbili. Nywele zikusanywe ziingie ndani ya kofia. Simu yake ibaki kwako.

Sanduku la wazazi liwe na sindano zilizotungwa, pini, mkasi, gundi ya karatasi, kamba za viatu, glavu za ziada, mafuta ya pistoni, ridi, jozi ya vijiti, taulo, vifaa vya huduma ya kwanza na orodha ya watoto yenye namba za simu za wazazi na magonjwa yanayojulikana, kama pumu au mzio. Orodha hiyo ikae kwa mtu mmoja tu, tena mtu mzima asiyependa kusema.

Kwenye gari, vyombo vizito chini, ngoma zisimame kwa upande wake, na hakuna kitu juu ya kasha la saksafoni. Watoto wahesabiwe wakipanda, wakishuka, wakitoka msalani, wakipanda tena. Hesabu kwa majina, kwa sababu idadi huweza kutimia kwa mtoto asiye wako. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mmoja chumba cha kubadilishia. Wawe wawili siku zote.

Bendi ikishapanga mstari, rudi nyuma. Usimwite mwanao jina, usimpungie, usikimbie kando ya gwaride na simu mbele ya uso wake. Macho yake yanatakiwa mbele, na jirani yake pia atageuka. Mpige picha akipita, mara moja. Na vikiwa vimekaa juani muda mrefu, vyombo vya kupuliza hupanda sauti kwa joto, kwa hiyo usishangae wimbo uliousikia safi jana ukiwa umechachuka kidogo leo. Mwalimu analijua hilo. Hahitaji kuambiwa na mtu wa tatu akiwa bado anahema.

Mkirudi, vyombo vishuke kabla ya watoto kutawanyika, kila kimoja kitiwe alama kwenye daftari. Baki mpaka wa mwisho achukuliwe. Nyumbani, koti litundikwe dirishani, kipande cha mdomoni kioshwe, pistoni zipate matone yake matatu. Yeye mwenyewe huenda akalala na soksi miguuni kabla hamjamaliza. Basi mafuta utatia wewe, unajua sasa namba 1 inakaa wapi.